Pete Niliyoikata

Usiku wa jana niliota nimekwama kwenye matope, na hiyo peke yake isingekuwa habari, maana nilikuwa nimekwama kweli tangu Alhamisi.

Nina gari la minyororo. Zamani lilikuwa la jeshi. Halina matairi, linatembea kwa mikanda miwili ya chuma kama katapila, na masika bonde letu la mpunga likigeuka ziwa, mimi ndiye ninayevusha watu na magunia. Fundi Gwakisa alipokuwa akilitengeneza aliniuliza ile pete ya mbele, ya kufungia mnyororo wa kuvutia, aipake rangi gani. Nikamwambia mbele za watu, kata hiyo. Mimi navuta, sivutwi. Watu wakacheka, nami nikajisikia mtu.

Alhamisi likazama katikati ya bonde hadi usawa wa madirisha. Nyumbani nikasema liko kwa fundi.

Ubaya wake ni kwamba Jumamosi, yaani leo, baba mkwe anatakiwa ng'ambo kumzika mdogo wake, na barabara ya kuzunguka imekatika kwa mvua. Mume wangu, Ambakisye, alitangulia kabla haijakatika, na wakati anaondoka alimwahidi mzee, "Mke wangu atakuvusha." Sasa kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hazungumzi naye, na jina lake halitaji hata akiwa peke yake shambani. Mzee akipita uani anakohoa, mimi najificha. Habari zote kati yetu hupitia kwa Ambakisye. Kwa hiyo hata kama ningetaka kusema ukweli sikuwa na wa kumpitishia, na kusema kweli nilishukuru.

Basi, ndotoni nimekaa ndani ya gari, maji yamefika kiunoni. Gari linasema, "Afande, tumezama."

"Naona," nasema.

"Afande, mimi nimevuka mito yenye mamba. Sijawahi kuzama kwenye mpunga. Naomba utafute cha kunivutia kabla wenzangu hawajasikia."

Nafungua mlango, nashuka, na mguu wangu unakanyaga sakafu ya duka la vipuri mjini. Maji ni yale yale, yamenifuata. Muuzaji ni kulabu kubwa ya chuma, amevaa miwani, amekaa kwenye stuli anakunywa chai.

"Karibu, Mama Ikupa. Tukusaidie nini?"

"Natafuta kifaa cha kuvutia gari."

"Uzito?"

"Tani nne na nusu."

"Kuna matope?"

"Yapo."

"Matope yanaongeza. Na aibu?"

"Aibu ya nani?"

"Ya dereva. Siku hizi tunapima vyote. Panda hapo."

Napanda kwenye mizani ya kupimia mpunga. Mshale unapita uzito wangu, ambao nao sikupenda uonekane, unaendelea, unazunguka mara ya pili, halafu unatoka kwenye mizani na kwenda kukaa dirishani ukipunga hewa.

Kulabu anavua miwani. "Sheria yetu ni kwamba kinachovuta kiwe na nguvu mara mbili ya kinachovutwa. Ngoja niwaulize hawa."

Anaigeukia minyororo iliyotundikwa ukutani. Yote inatazama chini. Mmoja mwembamba unasema, "Mimi nina watoto." Waya mmoja mnene unasema gari lenyewe ungelivuta bila taabu, tatizo ni huyu mama.

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Ardhi ikaniomba radhi, ikasema imeshashiba, imemeza gari zima tangu Alhamisi.

"Na hata tukipata mnyororo," anasema Kulabu, "tutaufunga wapi? Pete iko wapi?"

Najifanya natazama bei za mafuta.

"Mama Ikupa, pete iko wapi?"

"Niliikata."

"Kwa nini?"

"Nilisema mimi sivutwi."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mlango unafunguliwa na pete yenyewe inaingia, imejaa kutu, imefungwa kamba, na mwisho wa kamba kuna mbuzi.

"Siku hizi nafungia mbuzi wa Gwakisa," inasema. "Silalamiki. Mbuzi ana adabu."

"Nisamehe."

"Ulinikata mbele za watu, leo unaniomba msamaha dukani kwa kunong'ona. Acha. Narudi kazini kwa sharti la kazi tu. Anayevuta na anayevutwa watazamane, na anayevutwa aite akiwa tayari."

"Anayevuta ni nani?"

"Yuko nje. Anasubiri tangu Alhamisi."

Jamani, nilijua kabla mlango haujafunguka.

Nje ya duka ni bonde letu, jua linawaka, mpunga umelala majini. Baba mkwe amesimama mbele ya gari ndani ya suti yake ya misibani, suruali ameikunja hadi magotini, fimbo mkononi, na mnyororo ameufunga kiunoni. Amenipa mgongo kwa heshima. Mzee mzima, kajifunga kama ng'ombe wa kulima, kwa ajili ya gari langu.

Anakohoa. Mimi, kwa mazoea, narukia nyuma ya gari na kujificha ndani ya maji, pua tu ndiyo imebaki nje.

"Gari," anasema mzee bila kugeuka, "mwambie anayekuendesha kwamba nina mazishi."

"Afande, mzee ana mazishi."

"Mwambie baba nimesikia."

"Mzee, amesikia."

"Gari, mwambie pini ya pete imepotea. Achukue fimbo yangu aichomeke hapo."

Fimbo inakuja yenyewe ikielea. Naona haya kuishika, maana bado ina joto la mkono wake. Natambaa hadi mbele, uso nimeuinamisha, naichomeka kwenye pete iliyojaa grisi, na inaingia sawasawa kama ilichongwa kwa kazi hiyo.

"Tayari," linasema gari.

"Bado," inasema pete. "Watazamane."

"Haiwezekani," nasema. "Mila hairuhusu."

"Basi azikwe bila kaka yake."

Ng'ambo ya bonde marehemu amekaa juu ya jeneza lake anatazama saa. Alikuwa mtu wa kuwahi, Mungu amrehemu.

Nasimama. Kanga imekwenda na maji, matope yamefika kwenye nywele. Mzee anageuka, na mimi namtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilidhani nitakuta hasira. Nikakuta macho mekundu ya mtu aliyefiwa na mdogo wake, ambaye hajalala, kwa sababu hana wa kumuuliza kama atavuka au hatavuka. Aibu iliyonishika pale haikuwa ile ya dukani. Ile ya dukani ilikuwa ya kujionea huruma.

Nikafungua mdomo nikamwita jina. Silirudii hapa, msinitege. Nililiita lote, lake na la baba yake, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Baba, nivute! Nimekwama! Nimekwama mimi!"

Matope yakaachia kwa sauti ambayo mtu mzima haitoi mbele za wageni.

Nikaamka nimekaa kitandani, koo linauma, mdomo bado uko wazi. Kumekucha. Nje kimya, ila ni kile kimya cha watu wanaosikiliza.

Halafu mtu akakohoa. Nikaruka nyuma ya mlango.

"Jogoo," ikasema sauti ya baba mkwe uani, "mwambie mwenye nyumba hii kwamba nimeitwa, nimekuja."

Jogoo hakusema kitu. Ni jogoo.

"Mwambie na majirani wamesikia nilivyoitwa. Wako hapa." Mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha. "Mwambie gari lake tunajua liko wapi tangu Alhamisi. Linaonekana hadi kanisani. Tulikuwa tunamsubiri aseme mwenyewe, kwa sababu kumvuta mtu ambaye hajakwama ni kumkosea adabu. Gwakisa ameshatangulia bondeni na trekta. Mbuzi amemfungua kwenye ile pete, ataichomelea huko huko."

Nikalishika komeo la mlango lisilie. Yaani tangu Alhamisi walikuwa wananiuliza fundi anaendeleaje, nami nawaeleza, kwa kirefu, mpaka na jina la kipuri kinachosubiriwa. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Hata ukuta niliuonea haya.

"Jogoo," nikasema, sauti imekwaruza, "mwambie baba nilidanganya. Gari limezama, na pete niliikata kwa majivuno. Mwambie naomba anisaidie nimvushe."

"Nimesikia," akasema mzee, kisha akajirekebisha. "Jogoo, mwambie nimesikia."

Nikamsikia anahangaika na viatu vyake, anapiga hatua moja, anasimama.

"Na mwambie anipe fimbo yangu. Nimeitafuta tangu nilipoamka siioni, na bondeni siwezi kwenda bila fimbo."

Nilitaka kumwambia jogoo kwamba fimbo ya mzee haiwezi kuwa kwangu, maana baba mkwe hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba hii hata siku moja. Nikageuka. Ilikuwa imeegemea ukuta kando ya kitanda, inachuruzika maji ya matope sakafuni, na katikati yake pana duara la grisi nyeusi.

Nikaifuta kwa kanga niliyojifunga. Matope yalitoka, grisi haikutoka. Nikafungua mlango kidogo, nikaupitisha mkono na fimbo, uso nikiwa nimeugeuzia ndani. Akaishika upande wa pili. Mkono wangu haukuachia. Mzee akasubiri, kisha akaivuta taratibu, na mimi nikafuata.