Niisafishe au Nimsafishe?

Watoto wakubwa wawili wa Mama Baka walianza kumwonea haya mama yao angali hai, na alipokufa waliona kazi imekuwa nyepesi. Maiti haijitetei.

Baka lenyewe alizaliwa nalo. Lilianzia kwenye nyusi ya kushoto, likateremka shavuni hadi kidevuni, jekundu lenye weusi ndani yake. Tena meno yake ya mbele yalikuwa yametangulia, hata akifunga mdomo yanachungulia. Sokoni, alikouza viatu vya mitumba tangu wanawe hawajaota meno, hakuna aliyelijua jina lake la kwenye kitambulisho. "Nenda kwa Mama Baka," watu walielekezana, na mwenyewe jina hilo alilipenda. Alisema mteja husahau jina na husahau bei, lakini sura kama ile haisahau hata akitaka. Kwa sura hiyo aliwasomesha watoto watatu.

Wa kwanza alipata kazi kwenye kampuni ya bima, akapewa kiti kinachozunguka, akaanza kusema "mzazi wangu" badala ya "mama". Wa pili alikuwa na duka la vipodozi na uso wa kusimamisha watu njiani. Tangu utotoni uso huo ulimtangulia kila mahali kumwombea msamaha kwa makosa ambayo bado hajayafanya, naye akasamehewa. Wa tatu, kitindamimba, alirithi baka. Lake lilikuwa dogo, ila lilikaa palepale. Alisomea kazi ya mapokezi hotelini, akafaulu vizuri, na kila hoteli iliyomwita kwa usaili ilimtazama mara moja tu ikakumbuka kwamba nafasi imeshajazwa. Akarudi kwa mama, wakauza viatu pamoja, wakicheka kutwa.

Msiba ukawekwa kwa kaka, kwenye mtaa wa mageti makubwa, kwa sababu chumba cha marehemu hakikuwa na pa kuegesha magari. Mkurugenzi wa bima alikuwa ameahidi kuja. Siku ileile mama alipofariki, kitindamimba aliwapitia watu wa sokoni kibanda kwa kibanda, akawaelekeza. Hawakuwahi kufika kwa kaka, nani angewaalika? Basi akawaambia mtaa, na kwamba picha ya mama itakuwa getini. "Mkiiona hiyo mmefika."

Kesho yake ndugu watatu wakaenda studio na picha pekee iliyokuwepo. Mama alipigwa picha hiyo kibandani akicheka, kiatu kimoja mkononi, meno yote nje. Mpiga picha aliiangalia, kisha akawaangalia wao.

"Sawa. Sasa niisafishe, au nimsafishe?"

Lilikuwa swali la kazi. Tangu enzi za filamu kusafisha picha ni kuitoa kwenye karatasi, basi. Kompyuta ndiyo iliyoleta kazi ya pili, na tofauti yake ni herufi moja.

"Isafishe," alisema kitindamimba.

"Msafishe," alisema dada mtu.

"Msafishe vizuri," kaka akaongeza. "Hilo baka, hayo meno. Na mpe weupe kidogo, alikuwa anashinda juani."

"Kaka, huyo atakuwa mtu mwingine."

"Mdogo wangu, hii ni heshima kwa mzazi. Unataka wageni wamkumbuke hivi?"

"Ndivyo alivyokuwa."

Dada akamshika bega kwa ile huruma ya watu wazuri, isiyogharimu kitu. "Najua inakuuma. Wewe unaliona hivyo kwa sababu..." Akaishia hapo. Hakukuwa na haja ya kumaliza, maana kaka, dada, hata mpiga picha, walikuwa wanamtazama shavu.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na hapa mwosha alikuwa na kompyuta. Akaosha baka, akarudisha meno ndani, akafuta mikunjo ya kucheka, akakata kiatu. Kilichotoka kilikuwa mwanamke mweupe, laini kama sahani iliyotoka kusuguliwa, asiye na habari na mtu yeyote. Dada alisema, "Angalia alivyokuwa mzuri," na machozi yakamtoka. Hayo ndiyo machozi yake ya kwanza tangu mama afe. Chini wakaandika jina la kwenye kitambulisho, na picha ikakuzwa, ikasimamishwa getini.

Siku ya mazishi kila mtu alipangiwa kazi. Dada apokee wageni. Kaka akae karibu na mkurugenzi. "Wewe uko jikoni," kitindamimba akaambiwa, "mambo ya chai unayaweza." Alielewa. Hakubishana, kwa sababu kitu alichokitaka siku hiyo kilikuwa kimoja tu, kwamba watu wa sokoni waje wamlilie mama kwa jina walilomjua. Wakija hao, hata ndugu zake wakimfungia stoo ni sawa.

Hawakuja. Maji yalichemka, yakapoa, yakachemshwa tena. Alichungulia uani akaona viti vya kukodi vimejaa uwanja, na watu wachache wa ofisini wamejikusanya mbele wakiangalia simu zao. Akaingiwa na uchungu mbaya kuliko wa kifo chenyewe. Miaka yote ile mama aliwakopesha, aliwaachia, aliwalelea watoto chini ya meza yake. Leo hata mmoja?

Kaka akaja jikoni, tai imemkaba. "Wale watu wako wako wapi? Mkurugenzi ananiuliza kama mzazi wangu hakuwa na watu."

"Watu wangu?"

"Waite basi. Tutaonekanaje?"

Mkataa kwao ni mtumwa, lakini huyu alikataa kwao asubuhi, na mchana akatuma waletwe wajaze viti. Kitindamimba alifuta mikono akatoka, akapita katikati ya wageni uso wake wazi, akafungua geti.

Ng'ambo ya barabara, kwenye ukingo wa mtaro, walikuwa wamekaa watu wa soko zima. Wauza nguo, wauza ndoo, fundi viatu, na bibi wa vitunguu aliyepakana na kibanda cha mama tangu siku ya kwanza. Walikuwa wameshuka mtaa na kuupanda tangu asubuhi, wakitafuta picha ya Mama Baka kila geti. Msiba waliuona, ila ulikuwa wa watu wengine, na si adabu kuingilia msiba wa watu. Wakaamua kusubiri mpaka wapite watu wanaowafahamu.

"Si yule pale?" fundi viatu alisema. "Huyo ndiye. Baka lilelile."

Wakainuka wote pamoja. Walimfikia, wakamshika uso, wakamwangukia, na kilio ambacho nyumba ile haikuwa nacho kikaanza palepale getini. "Mama Baka wetu," walilia, "Mama Baka, umetuacha na nani?" Naye akalia hatimaye, kwa sauti, bila kujali nani anaona.

Kelele zikawatoa kaka na mkurugenzi, dada nyuma yao. Bibi wa vitunguu aliwapa mkono mmoja mmoja, akawapa pole, halafu akasimama mbele ya ile picha kubwa, akaikagua kutoka juu hadi chini.

"Kumbe misiba ni miwili," alisema. "Poleni sana. Na huyu marehemu mwingine ni nani?"

Mkurugenzi aliitazama picha. Kisha akamtazama binti mwenye baka aliyezungukwa na watu wanaolia. Kisha akamgeukia kaka, akisubiri kama wengine.

"Ni mama," kaka alisema, sauti ndogo.

Bibi aliangalia tena picha, akasogea karibu zaidi, maana macho yake hayakuwa mazuri. Kitindamimba alikuwa hatua chache tu. Neno lake moja lingetosha kumwokoa kaka yake, na hakulisema.

"Mama wa nani?" bibi akauliza, kwa upole, vile anavyoulizwa mtoto aliyepotea.