Toleo Linalokaribisha Mtu wa Mbali

Jumatano saa nne asubuhi, mpiga pasi wa duka la dobi aliomba ruhusa ya saa moja, akaifunga kompyuta ya bintiye ndani ya shuka la bluu, akavuka barabara hadi kwa muuza kompyuta. Aliiweka juu ya kaunta, akafungua fundo, kisha akalikunja shuka mara nne huku akilinyoosha kwa kiganja, maana mikono yake haikujua kukunja kitu ovyo.

"Shikamoo, mama," alisema muuza kompyuta.

"Marahaba. Nataka iwake."

Muuza kompyuta alifungua ubavu wa kasha, akamulika kwa tochi. Ndani mlikuwa safi. Nyaya zilikuwa zimefungwa kwa mpangilio, kadi ya picha ilikuwa nene kama tofali, na feni tatu zilikuwa bado na plastiki za dukani.

"Hii imeundwa na mtu anayejua," alisema. "Imekosa mfumo endeshi tu, ile programu ya kuiendesha. Ni ya kazi gani?"

"Michezo. Mbio za magari."

"Basi chukua toleo la Nyumbani. Wapo watakaokwambia la Kitaalamu linayafanya magari yakimbie zaidi. Wasikudanganye, mama. Mchezo ni uleule na kasi ni ileile. Hayo yaliyoongezwa kwenye la Kitaalamu ni mambo ya maofisini."

Ulikuwa ushauri wa kweli, naye mpiga pasi aliupokea kwa heshima. Lakini kulikuwa na swali alilotumwa, akalisoma kutoka kwenye karatasi.

"Binti yangu anauliza, mchezaji akiwa mbali, anaweza kuingia humu akaiendesha kana kwamba amekaa mbele yake?"

"Mbali wapi?"

"Amefariki. Sasa ni mwezi wa tano tangu azikwe."

Muuza kompyuta alizima tochi. "Pole sana, mama. Basi la Nyumbani halifai. Hilo linaweza kutoka kwenda kwa wengine, lakini mtu wa mbali halimkaribishi. Kwa hali yake ni la Kitaalamu tu, ingawa bei imepanda kidogo."

"Nipe hilo."

Binti huyo alikuwa akiitwa Kipanga, kwa jinsi alivyoushukia mchezo wowote uliowekwa mbele yake. Vipande vya kompyuta alivinunua kimoja kimoja kwa miaka miwili, kutokana na mshahara wa kiwanda cha maboksi, akaviunganisha juu ya meza ya pasi ya mama yake. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, mfumo endeshi, mashine namba tatu ya kukata maboksi ilipomuua. Kifuniko cha usalama cha mashine hiyo kilikuwa kimeondolewa kwa sababu kilichelewesha kazi.

Kesho yake baada ya mazishi kiwanda kilileta barua. Ilisema kwamba Kipanga aliacha kazi kwa hiari siku moja kabla ya ajali, na kwamba kiwanda hakihusiki na mtu aliyeingia bila kuajiriwa. Barua yake ya kuacha kazi ilikuwa imeambatishwa, na chini palikuwa na sahihi.

Kipanga aliziona barua hizo wiki ya pili, alipoanza kuja nyumbani kila Jumanne saa kumi jioni.

"Sahihi yangu haina mkia," alisema, akiziinamia pale mezani.

Alikuwa akikaa nusu saa. Aliulizia majirani, alilalamikia pazia jipya, na mara zote alijaribu kibodi, lakini vidole vyake havikuwa tena na uzito wa kubonyeza kitu. Na mashindano ya mtaa yalikuwa Jumamosi, siku ambayo huko aliko hawapewi ruhusa ya kutoka.

"Kwani huko mna mashine?" mama yake alimuuliza.

"Mama, huko wapo karibu wote waliozitengeneza za kwanza. Mlango tu ndio sina. Nifungulie mlango."

Ndiyo maana alikuwa amemtuma dukani. Muuza kompyuta aliweka toleo la Kitaalamu, akaandika jina la Kipanga kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kutoka mbali, akairudisha mashine nyumbani yeye mwenyewe. Alhamisi adhuhuri mshale wa kwenye skrini ulianza kutembea peke yake. Maneno yakatokea: "Mama, umekula?"

Mpiga pasi alijibu kwa kidole kimoja kwamba amekula. Ilimchukua dakika nne, kwa kuwa herufi M ilikuwa imejificha chini.

Jumamosi asubuhi mpiga pasi na muuza kompyuta waliipeleka mashine kwenye ukumbi wa mtaa. Mashindano yalidhaminiwa na kiwanda cha maboksi, na meneja wa kiwanda alikuwa ameketi safu ya mbele na kombe mapajani. Mwandikishaji alitazama kiti kilichokuwa kitupu.

"Mchezaji yuko wapi?"

"Yuko mbali," alisema mpiga pasi.

Mwandikishaji alipitia kanuni kurasa zote mbili. "Zinataka kompyuta iwepo ukumbini. Kuhusu mchezaji hazisemi kitu." Akampa meza namba saba.

Wachezaji walikuwa kumi na sita. Kufikia saa saba mchana walibaki wawili, Kipanga na dereva wa lori aliyekuwa amelitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo. Amri za Kipanga zilikuwa zikichelewa kufika, si sana, kama kupepesa jicho, kwa sababu ya umbali. Mwanzoni gari lake jekundu lilipanda ukingo wa barabara mara mbili. Mzunguko wa pili akalizoea lile pengo, akawa anakata kona kabla kona haijafika. Mama yake alisimama nyuma ya kiti kitupu ameshika egemeo kwa mikono miwili.

"Polepole, we mtoto!" alisema, kwa mazoea tu.

Kona ya mwisho dereva wa lori alikanyaga breki. Kipanga hakukanyaga. Gari jekundu lilipita katikati ya gari la dereva huyo na ukuta, kwenye nafasi ambayo usingeweza kupitisha gazeti, likavuka mstari likiwa mbele kwa pua. Ukumbi uliruka. Wapiga pasi wenzake na mama, waliokuwa wamefunga duka bila kuaga, walipiga vigelegele mpaka taa zikacheza. Dereva wa lori alivua kofia.

"Mwambie nimekubali. Ameninyoa bila maji."

Mshindi aliruhusiwa kuandika neno kwenye skrini kubwa ya ukumbi. Kipanga akaandika: "Sikuacha kazi. Sahihi ile si yangu. Kifuniko cha mashine namba tatu bado hakijarudishwa."

Watu walisoma, na waliosahau miwani wakasomewa. Meneja naye alisoma hadi mwisho, kisha akachukua kipaza sauti.

"Kiwanda kinampongeza mfanyakazi wetu wa zamani," alisema. "Kumbukumbu zetu zinaonyesha aliacha kazi."

"Kumbukumbu hizo zimeandikwa na nani?" aliuliza mpiga pasi.

"Na kiwanda, mama."

"Nilidhani hivyo." Akalichukua kombe kutoka mikononi mwake bila kungoja mpiga picha.

Mshindi hubebwa mabegani, na kwa kuwa hakuwepo, ilibebwa kompyuta. Dereva wa lori alichukua betri ya akiba ili isizimike, mwandikishaji akashika skrini kifuani, na msafara ukatoka ukiimba hadi barabara ya kiwandani. Madirisha yalikuwa wazi. Kwenye mashine namba tatu msichana mmoja aliwapungia mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kusukuma karatasi ngumu chini ya kisu kisicho na kifuniko. Msimamizi akaja akafunga dirisha. Msafara ukaongeza sauti.

Mpiga pasi alitembea kando ya skrini na kibodi mkononi. Walipokunja kona, maneno yalitokea.

"Mama, mbona nayumbayumba? Nani amenibeba?"

Alitazama mbele, akatazama nyuma, barabara nzima ilikuwa imejaa. Kisha akatafuta herufi moja moja, bila haraka, akaandika: "Wote."