Maua Yaliyoota Mwilini mwa Taratibu

Fundi cherehani alikuwa anakunja pindo la sare ya shule alipoona uzi wa buluu kwenye bega la mumewe. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa mwendo wake, alikuwa ameketi mlangoni akivua buti baada ya zamu kwenye kinu cha kusagia mawe mgodini. Fundi akauvuta ule uzi. Haukutoka. Taratibu akaruka kwa maumivu, na fundi akaona kwamba ni kikonyo, chenye ua changa juu yake.

"Umelala wapi wewe?"

"Kinuni, mke wangu? Kule kuna pa kulala?"

Kila mtu pale alilijua lile ua. Huota penye shaba tu. Wapima madini wa kwanza walilifuata hadi kwenye kilima, na kilima sasa kilikuwa shimo. Fundi akachukua mkasi wa vitambaa, akalikata, akarudi kwenye pindo lake.

Yakaota mengine, shingoni, kisha kifuani. Kila asubuhi kabla ya chai fundi alimpunguza, naye alikaa ametulia kama anayenyolewa ndevu. Shati la kazi likabana, akamwongezea kipande mgongoni. Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, alimwambia babake ananukia vizuri siku hizi. Taratibu akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaacha vumbi la kijani kwenye leso. Hapo ndipo wakampeleka zahanati ya kampuni.

Daktari alimpima damu. Alikuwa mtu mpole, na suruali zake zote zilipunguzwa na fundi.

"Mama, kila mwili una shaba," alisema. "Mimi ninayo, wewe unayo, hata mchicha unayo. Ila ni chembe tu, kama chumvi kwenye mboga. Isipokuwepo, damu inaharibika. Sasa mzee wetu kamwagikiwa kopo zima."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Inaivuta shaba, inatoka na mkojo." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini lazima nimuulize kwanza mjiolojia."

Mjiolojia wa kampuni alikuja nyumbani mwenyewe, akavua viatu mlangoni. Alimgonga Taratibu kifuani kwa kidole na kusikiliza, akakwangua ngozi kidogo, akaenda nayo maabara. Aliporudi alisema Taratibu ana shaba nzuri kuliko mawe yaliyobaki shimoni. Leseni ilitaja madini yote yaliyo ndani ya vigingi vya mpaka wa mgodi, chini na juu ya ardhi, na nyumba ilikuwa ndani ya vigingi. Kuyatoa kwa dawa kungekuwa kuharibu mali ya kampuni.

"Huyu ni mtu, mwanangu," fundi alisema.

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Akatazama mezani. "Na ule mkasi, tafadhali, uuweke mbali."

Basi maua yakaachwa. Nyuki wakawa wanaingia kwa dirisha na kutoka. Taratibu hakuweza tena kulala chali, akawa anasinzia ameketi, na mkewe alimlisha uji kwa kijiko akiyaondoa majani mdomoni. Binti alikwenda zahanati wakati wagonjwa wameondoka.

"Nipe kidogo tu, daktari. Nani atajua?"

"Nina watoto, mwanangu."

"Na mimi nina baba."

Daktari akafunga kabati, akaomba radhi, akaondoka kabla yake.

Taratibu alikufa saa sita mchana, chai ikiwa bado ya moto mkononi. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba sasa hatasikia tena kile kinu, na mkewe akamjibu kuwa afadhali.

Ndugu walitaka kumzika kwao, nje ya vigingi. Jeneza lilibebwa na watu mara mbili ya kawaida, kwa uzito wake. Getini mlinzi, ambaye asubuhi alikuwa amelia msibani, aliwaambia kwamba mwili huo ukipita bila kibali utakuwa magendo. Kibali hakikupatikana. Wakamlaza kwenye rundo la mawe ya shaba linalosubiri kusagwa, wakamwombea, na msimamizi akawaruhusu kuja kumtembelea hadi zamu ya rundo hilo ifike.

Waliporudi kunawa mikono kwenye kisima cha mtaa, binti aliona maua ya buluu yameuzunguka mdomo wa kisima, na mengine yakishuka ndani kufuata ukuta. Akamwita daktari. Daktari akapima maji palepale.

"Ni shaba ileile," alisema. "Inashuka kutoka kwenye mabwawa ya taka za mgodi. Msinywe haya."

"Tunywe yapi?" aliuliza fundi.

Daktari akafunga mkoba wake.

Mjiolojia naye alikuja, akachungulia kisimani kwa muda mrefu, kisha akawatazama wanawake waliokuwa kwenye foleni, mmoja mmoja, vichwani na mabegani. Kesho yake kampuni ilileta kamba mpya, ndoo mpya na paa dogo la bati la kuwakinga wachotaji na jua. Wanawake walishukuru, maana kamba ya zamani ilikuwa imeoza. Fundi alijaza ndoo yake. Binti akamtwisha.

"Twende, mama," alisema. "Uji bado haujawekwa jikoni."