Maji Gani?

Nyumbani kwetu nta ikiyeyuka hatusemi imeyeyuka. Tunasema imekuwa maji. Mama ndiye aliyetuanzishia msemo huo, zamani alipokuwa akichovya mishumaa mia kwa siku, kabla hajavunjika nyonga. Nikaurithi pamoja na sufuria zake na sikuona ubaya wowote.

Kazi yenyewe haina maajabu. Sufuria kubwa ya maji inakaa juu ya moto mdogo, na ndani yake sufuria nyembamba ya nta. Unashika kijiti chenye tambi sita, unachovya, unainua, unaziacha zipoe, unarudia mpaka mishumaa inenepe. Mume wangu, tangu aache kazi ya ulinzi, ndiye msaidizi wangu, na kila asubuhi huniuliza hizo tambi zangu zinaliwa na nini. Ana mikono mizito lakini hachoki.

Alhamisi ile nilikuwa uani nafunga tambi kwenye vijiti. Mama alikuwa kitandani chumbani kwake. Chumba hicho kina mlango mmoja tu, unaotokea jikoni, na dirisha lake lina nondo. Nikasikia sufuria ya chini inagongagonga, dalili kwamba inakauka.

"Ongeza maji huko chini," nikamwambia mume wangu kupitia dirisha la jikoni.

"Haya."

Kando ya jiko palikuwa na jagi la nta niliyotoka kuiyeyusha, imetakata huoni tofauti na maji. Akalichukua, akamimina lote.

Nikasikia mvumo, kisha harufu. Nilipofika mlangoni nta ilikuwa imefurika na kushuka kwenye moto, na miali ilikuwa inapanda ukutani, hatua mbili tu kutoka mlango wa Mama. Mume wangu alikuwa ameshainua ndoo ya maji.

Nilijua kitakachofuata. Maji yakiingia kwenye nta inayowaka, moto unaruka mpaka darini, na hapo hakuna ambaye angeweza kumtoa Mama.

"Usimwage maji!"

Akasimama, ndoo kifuani, macho yamemtoka pima. "Maji gani?"

Aliuliza kwa dhati kabisa. Mtu mzima, moto uko mbele yake, ananiuliza maji gani, na kosa lilikuwa langu. Nililitafuta neno jingine nisilipate, na ndoo ilikuwa inaanza kuinama.

"Ndoo," nikasema mwishowe. "Weka ndoo chini."

Akaiweka. Nikafunga gesi, nikanyakua sinia kubwa la bati na kulibwaga juu ya sufuria. Moto ukachungulia pembeni, ukarudi, ukachungulia tena. Vimoto vilivyoangukia sakafuni mume wangu alivipiga kwa gunia kavu mpaka vikafa. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba nilipapasa ukuta ili nifike kwa Mama.

Mlango haukufunguka.

Mlango ule haufungwi. Una komeo kwa ndani, tulilitia ili ajione ana faragha, na hajawahi kuligusa. Nikaita. Nikaita tena. Nikagonga kwa viganja vyote viwili, na woga nilioupata hapo ulizidi ule wa moto.

"Umezimika?" Sauti ilitoka chini, karibu na miguu yangu.

"Umezimika, Mama. Fungua."

Komeo lilichukua muda mrefu. Nilimkuta sakafuni, amejiburura kutoka kitandani, na shuka lake amelisokomeza chini ya mlango.

"Mama, ulijifungia kwa nini?"

"Nilijua utaingia," akasema, akihema. "Ungepita humo humo motoni unifuate."

Nikaketi pale chini nikamkumbatia, nikamfokea kama mtoto mdogo huku nalia. Mume wangu alikuja na bisibisi, wala hakuna aliyemtuma, akapiga magoti kando yetu na kuanza kuling'oa komeo.