Nyimbo Ambazo Norman Hakuzipiga

Norman, mpiga muziki wa Bugembe, hakuwauliza maharusi wanataka nyimbo gani. Alisema hizo anazijua. Alimpa Jovia karatasi tupu na kalamu.

"Mwalimu, niandikie zile zenye hamtaki," alisema. "Mwaka juzi kule Wanyange nilipiga wimbo wa mume mhuni. Shangazi wa bibi harusi akasimama, akaucheza mpaka ukaisha, macho yote kwa mume wake. Yule bwana aliondoka kabla ya keki."

Jovia, aliyefundisha chekechea, alirudi nyumbani na karatasi yake akicheka. Haikupita wiki ikaanza kujaa. Jimmy, mchumba wake, fundi umeme wa Mbale, aliomba utolewe wimbo uliokuwa redioni siku msichana mmoja alipomwacha. Mchungaji alikataa nyimbo zote zinazotaja pombe. Patience, dada yake Jovia, mwenye miaka thelathini na minne, alikataa wimbo wowote wa kuwaita mbele wasichana ambao hawajaolewa. "Nakuja kula," alisema. "Siji kupangwa mstari."

Kisha Jimmy akapiga simu kutoka Mbale, akisema kwa sauti ya chini.

"Mama anasema usipigwe wimbo hata mmoja wa Kiswahili."

Baba yake Jovia, Afande Odongo, alikuwa amepiga tarumbeta katika bendi ya magereza kwa miaka ishirini na mitano, na karibu nyimbo zake zote zilikuwa za Kiswahili. Tangu posa ipokelewe alikuwa akifanya mazoezi nyuma ya nyumba kila jioni, majirani wakivumilia, ili ampigie bintiye siku yake. Tena nusu ya wageni wa upande wao walikuwa wenzake wa kambini.

Jovia alimweleza baba yake huku akitazama sakafu. Mzee hakukasirika.

"Amesema kwa nini?"

"Hakusema, baba."

"Basi twende tukamuulize. Mambo kama hayo mtu hayasemi kwa simu."

Jumamosi walikuwa Nabuyonga, mtaa wa Mbale, sebuleni kwa Mama Gorreti, mama yake Jimmy. Aliwapokea vizuri, akawapa malewa, machipukizi ya mianzi yaliyoungwa kwa karanga, kisha chai. Lakini kila Odongo alipozungumza kwa Kiswahili, yeye alijibu kwa Kiganda. Walielewana hivyo hivyo mpaka sahani zikaondolewa.

"Mama," Odongo alisema, "nimekuja kwa sababu ya nyimbo."

Mama Gorreti alizungusha kikombe chake mezani. Kisha akasimulia. Alikuwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa na duka hapo hapo Mbale. Siku moja waliingia wanaume watano wenye bunduki, wakitukana kwa Kiswahili. Redio ilikuwa inaimba. Walimwamuru baba yake acheze, nao wakapakia bidhaa zake kwenye gari. Alicheza mbele ya watoto wake mpaka rafu ya mwisho ikawa tupu.

"Hawakumpiga," alisema. "Lakini baba yangu alikuwa mtu wa kwanza kuinuka popote ngoma ilipolia. Baada ya siku ile hakucheza tena. Hata kwenye harusi yangu alibaki kwenye kiti."

Odongo aliuliza ulikuwa wimbo gani. Mama Gorreti aliuimba kidogo kwa kuguna, midomo imefungwa.

Mzee aliweka kikombe chini. Aliujua. Ndio aliokuwa akiufanyia mazoezi kuliko zote.

"Hiyo itoke," alisema. "Na hizo nyingine?"

"Sizijui. Kiswahili kikianza, mimi nazima redio."

"Basi nikuimbie, moja moja. Ukisema itoke, Jovia anaandika."

Jovia alitamani kuingia chini ya meza. Baba yake hakuwa na sauti; ndiyo maana alipewa tarumbeta. Lakini mzee alisimama, akakohoa, akaimba. Wa kwanza ulikuwa wa mama anayemngoja mwanawe arudi. Ubaki, alisema Mama Gorreti. Wa pili ulikuwa wa gwaride, na ulitolewa kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Wa tatu ulimhusu bwana anayesifu mapishi ya mama mkwe wake ili aongezewe nyama. Mama Gorreti alicheka mpaka chai ikamwagikia kitambaa cha meza.

"Rudia hapo kwa nyama," alisema, kwa Kiswahili.

Hakuna aliyemwonyesha kwamba ameligundua hilo. Walipoaga, Jovia alikuwa ameandika nyimbo mbili tu.

Siku ya harusi, ukumbini Jinja, Norman alibandika karatasi juu ya mitambo yake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Burhan, sajini mstaafu aliyepiga ngoma kubwa katika bendi ile ile, alipokwenda kumwomba ule wimbo aliochezeshwa baba yake Mama Gorreti. Norman alitikisa kichwa. Burhan akamgeukia Odongo, aliyekuwa amesimama na tarumbeta mkononi.

"Afande, huyu anakataa. Tupigie wewe."

Watu wa kambini wakaanza kupiga makofi. Kwenye meza ya mbele, Mama Gorreti alikumbatia mkoba wake.

"Hiyo sijui," Odongo alisema.

"Hujui? Tumeipiga pamoja miaka kumi na nane."

"Nimesahau, Burhan. Ni uzee."

Burhan alisonya, akarudi kwenye sahani yake.

Odongo akapiga ule wa nyama. Alikosea mara mbili, na Jovia, aliyekuwa akicheza na Jimmy, alilia kidogo hata hivyo. Mama Gorreti hakuinuka. Alipiga makofi taratibu, na chini ya meza kiatu chake kimoja kilikuwa kikienda na mdundo.

Mzee alipomaliza, jasho likimtiririka, Mama Gorreti alimvutia kiti.

"Keti, mzazi mwenzangu. Rafiki yako amekasirika?"

"Burhan? Hapana. Kesho nitamweleza."

"Mweleze. Kwangu si siri." Aligeuka kumtafuta kwa macho yule sajini. "Lakini mwambie sasa hivi aache kuongeza wali. Wageni wa Mbale hawajapakuliwa."