Kizibao Chekundu

"Kivae tu, Darla. Ni muda mfupi."

"Si changu."

"Si nakupa mimi?"

"Unanipa au unaniazima?"

Bethany Coyle wa ofisi ya matangazo alishusha mkono ulioshika kizibao chekundu. Nyuma yake lori la Biskuti za Hargrove lilinguruma, limezungushiwa bendera za upinde wa mvua, likingoja zamu yake kuingia kwenye maandamano ya kusherehekea wapenzi wa jinsia moja. Juu ya lori ilisimama picha ya kadibodi ndefu kuliko mlango: Darla ndani ya kizibao chekundu, amemkumbatia mkewe Renata aliyevaa gauni la harusi. Juu ya vichwa vyao yaliandikwa maneno ambayo kampuni ilikuwa imeyatangaza nchi nzima: KILA NDOA NI NDOA.

Kiwandani, chekundu huvaliwa na walioajiriwa na kampuni. Kijivu ni cha vibarua wanaoletwa na wakala. Chekundu kina bima ya mume au mke. Kijivu hakina kitu. Darla alikuwa akifungasha biskuti ndani ya kijivu tangu kabla Renata hajaanza kukohoa. Siku ya picha walimwazima chekundu, wakampaka poda, wakamwambia acheke. Jioni mlinzi alikidai getini.

Bethany alikuwa ameahidi kuongea na ofisi ya wafanyakazi kuhusu mapafu ya Renata. Aliahidi siku ya picha, akaahidi tena maboksi ya biskuti yenye picha hiyo yalipotoka. Jana alisema njoo kwenye maandamano, mkurugenzi atakuwepo, mambo yatamalizika. Sasa Darla alitaka kujua yamemalizika vipi.

"Nimeuliza, mpenzi," Bethany alisema, akapunguza sauti. "Wanasema wewe si mfanyakazi wetu. Mwajiri wako ni wakala."

"Na yule pale juu?"

Bethany hakugeuka kutazama. Alisema watu wameanza kuzigomea biskuti zao, maduka ya kusini yanazirudisha, na leo mkurugenzi anataka kuona sura halisi. Asipoipata, yeye Bethany naye atafute kazi. Alisema pia, kwa upole, kwamba wakala asingefurahi kusikia kibarua wake amewaaibisha Hargrove, wateja wake.

Ng'ambo ya barabara walisimama wagomaji na mabango yao. Mmoja alikuwa Orville Tackett, jirani wa Darla, ameshika bango lililosema biskuti za dhambi hazipiti kooni mwake. Alipomwona Darla alilishusha kidogo.

"Renata anapumuaje leo?" aliuliza kwa sauti ya kuvuka barabara.

"Vibaya, mzee."

"Mwambie kwamba mke wangu amempikia supu. Italetwa jioni." Kisha akaliinua tena bango lake.

Darla aligeuka kulitazama gari lake chakavu kando ya ukuta. Renata alikuwa amekaa mbele, mrija puani, mtungi wa oksijeni katikati ya magoti. Alikuwa amesisitiza kuja. Alipaka hata rangi ya mdomo, ili mkurugenzi asimwone kama maiti.

"Mkurugenzi amefika," Bethany alisema. "Nakuomba, dada yangu."

Darla alikichukua kizibao. Bethany akashusha pumzi, akampa mkono apande. Darla alipanda peke yake, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kadibodi, akakitundika kizibao shingoni mwa yule Darla mwingine, akakifunga vizuri hadi kifungo cha juu. Akashuka upande wa pili. Bethany aliita jina lake, akaliita tena kwa ukali. Darla hakusimama.

Dereva alipewa ishara, lori likaondoka. Mtaani shangwe zikapanda: watu walipiga makofi, wakapunga bendera, mama mmoja akambeba mtoto juu aione picha. Upande wa Orville wakazomea. Yai likapasuka kwenye gauni la Renata wa kadibodi, likateremka taratibu.

Darla aliingia garini akafunga mlango. Simu ilikuwa ikiita mfukoni. Jina la wakala. Aliizima.

Renata aliinamia kioo, akilifuata lori kwa macho.

"Wanatushangilia sisi?" aliuliza, kwa vipande, pumzi haimtoshi.

Darla aliwasha gari.