Nzuri Tu, Tunashukuru

Lugha yetu hii ina adabu mpaka inaudhi. Mtu kavunjika mguu, nyumba imeungua, mke kamkimbia, lakini mwulize habari gani: atakwambia nzuri. Ukiwa na subira ataongeza "ila". Habari nzuri, ila nyumba imeungua. Asiyeingoja hiyo "ila" haondoki na kitu. Na ukimpata mtu ambaye kila siku ni nzuri, nzuri, nzuri, bila "ila" hata moja, usifurahi. Bwana Salamu alifurahi, na mtaona kilichompata.

Jina hilo alipewa na wenzake kazini. Alikuwa muuguzi, mtu wa makamo, mwenye sauti ya kubembeleza, na kazi yake ilikuwa kupiga simu. Hospitali ilikuwa ikijaribu dawa mpya ya kifua sugu, kile kikohozi kinachokula mapafu na kuzicheka dawa za kawaida. Wagonjwa waliokubali kuijaribu walikuwa wametawanyika mji huu na ule. Walimeza vidonge nyumbani, na kila wiki walipigiwa simu kuulizwa vinawafanyaje. Tumbo? Macho? Usingizi? Masikio? Maana dawa ngeni ni kama mgeni mwingine yeyote, tabia yake huijui mpaka alale kwako.

Chumba cha simu kilikuwa na meza mbili, feni iliyozunguka kwa manung'uniko, na dirisha lililotazama kamba za kuanikia mashuka ya wodini. Meza ya pili ilikuwa ya mwenzake, dada mmoja mwepesi wa mdomo, ambaye maswali yake yalikuwa makavu kama ya askari. Wagonjwa walimkatia simu. Bwana Salamu hakukatiwa hata mara moja. Alianza na shikamoo, akaja habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za majirani, halafu polepole, kwa mahadhi yale yale, akaingiza za tumbo, za macho, za masikio.

"Na masikio nayo, hayajambo?"

"Hayajambo, tunashukuru."

"Wewe humhoji mgonjwa," mwenzake alimtania. "Wewe unaposa."

Lakini hata yeye mwishowe aliuiga mtindo huo, kwa kuwa Daktari aliupenda. Daktari ndiye aliyeongoza utafiti, mama mmoja mkali, mwadilifu, aliyekunywa chai yake imepoa kwa kusahau kwamba ipo. Vifua vilikuwa vinapona kweli, makohozi yalipimwa yakakutwa safi, na madhara hakuna. Ijumaa ya mwisho wa mwezi kulikuwa na kikao cha kuamua kama kipimo cha dawa kiongezwe na wagonjwa wengine, mamia, waingizwe.

Tena Bwana Salamu alikuwa na sababu yake ya kuipenda dawa ile. Mmoja wa wagonjwa alikuwa mama yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Yeye ndiye aliyemshawishi aingie kwenye utafiti. Kwa kanuni haruhusiwi mtu kumhoji ndugu yake, basi mama mkubwa alipigiwa na yule dada, na kila wiki dada aligeuza kiti akasema, "Mama yako buheri wa afya. Anashukuru." Bwana Salamu akatembea kifua mbele siku nzima. Alishamwona mama huyo akikohoa mpaka anashika ukuta. Sasa hata yeye akimpigia jioni, ni kusalimiana tu, wazima wote, basi, lala salama.

Ndipo mjomba akafariki. Moyo, ghafla, kabla ya jua kuchomoza. Mjomba huyu alikuwa mdogo wake mama mkubwa, wa tumbo moja, na Bwana Salamu akapewa kazi ya kumpasha habari, kwa kuwa mama alikaa peke yake katika mji mwingine, safari ya nusu siku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Mama, si kuzuri. Mjomba ametutoka alfajiri."

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Watoto hawajambo?"

Alidhani ni mtandao. Akapandisha sauti: "Mama, mjomba amefariki! Tunazika kesho!"

"Haya, mwanangu. Wasalimie wote." Simu ikakatika. Akapiga tena, akajibiwa yale yale, na safari hii mama alimtakia usiku mwema.

Sasa, msiba una watu, na watu wana midomo. Mama mkubwa na mjomba walikuwa hawaongei. Kwenye harusi moja ya ukoo mjomba alikuwa amelitazama gauni alilojishonea dada yake, akasema mbele ya wageni kwamba gunia la mkaa lingempendeza zaidi. Tangu siku hiyo kimya. Basi mama alipokosa kutokea mazikoni, na watu waliposikia alichojibu kwenye simu, kila mtu alikuwa na hukumu yake mfukoni.

"Anamshukuru Mungu!" dada yake Bwana Salamu alifoka, machozi na hasira pamoja. "Ndugu yake yuko kwenye sanda, yeye anashukuru! Kwa ajili ya gauni!"

"Mwacheni," wakubwa wakasema. "Siku yake ikifika, na sisi tutashukuru."

Maneno hayo yalimchoma Bwana Salamu kuliko kilio chenyewe. Hata hivyo hakumtetea. Moyoni alikuwa amemkasirikia kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyempenda kuliko wote. Walizika, wakakunja mikeka, na hakuna aliyempigia tena.

Aliporudi kazini alikuwa mtu wa kukokota miguu. Alianza kwa kumpigia mwalimu mstaafu, mzee wa adabu zake, mtu wa kukusahihishia sarufi huku akikuombea dua.

"Shikamoo, Mwalimu. Unisamehe, wiki iliyopita sikupiga. Nilifiwa na mjomba wangu."

"Nzuri, nzuri kabisa," Mwalimu akasema kwa uchangamfu. "Tunashukuru."

Jamani, katika lugha hii mtu anaweza kukosa vyote asikose pole. Ukijikwaa, aliye ng'ambo ya barabara atakupa pole. Mwalimu mzima, mwenye adabu kupita wote, amepashwa habari ya msiba na hakutoa pole?

"Mwalimu," alisema taratibu, kwa mahadhi yake ya siku zote, "na paa la nyumba limeruka na upepo?"

"Wazima, wote wazima."

"Mwalimu, mimi ni mbuzi."

"Amina, mwanangu. Na wewe pia."

Mwenzake wa meza ya pili aliangua kicheko mpaka akalaza kichwa mezani. Alipokiinua akakuta Bwana Salamu analia, kicheko kikamkauka mdomoni.

"Hasikii," Bwana Salamu akasema. "Hasikii neno hata moja. Anajibu wimbo."

Wakapiga simu, yeye na yule dada, mgonjwa mmoja mmoja, na kila aliyepokea aliambiwa habari za mbuzi. Wengi, namshukuru Mungu na mimi, walishtuka. "Unasemaje? Mbuzi? Leo umelewa, Bwana?" Kila aliyemtukana alimpa raha. Lakini mmoja akashukuru. Mwingine akasema hawajambo. Na mwingine, mama wa sokoni aliyekuwa na maneno mengi kama redio, akasema nzuri tu, nzuri tu, kwa sauti ya juu, kama mtu anayeita kutoka chumba kingine.

"Mpigie mama," Bwana Salamu akasema.

"Bwana Salamu, tusim..."

"Mpigie."

Yule dada akapiga, akaiweka simu katikati ya meza. "Mama, habari za leo. Mwanao amegeuka mbuzi, yuko hapa anakula majani."

"Hatujambo, mwanangu," sauti ya mama mkubwa ikajaa chumbani, changamfu na ya upendo. "Tunamshukuru Mungu. Msalimie sana."

Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo wasemavyo, na kilio kilikuwa kimeshamfichua mama yule mbele ya ukoo mzima. Masikio yao mazima ndiyo hayakusikia.

Daktari mwanzoni alikataa. Si kwa ubaya. Alikuwa ameona watu wakifa kwa kifua kile miaka mingi, na dawa hii ilikuwa inawaponya. "Masikio yalipimwa walipoanza," alisema. "Na yanaulizwa kila wiki. Umeyauliza mwenyewe."

"Nimeyauliza kwa simu, Daktari. Nimeyauliza masikio yenyewe kama ni mazima. Yakifa, atajibu nani?"

Daktari akalivuta faili la majibu, akalifungua.

"Halafu nimeyauliza ndani ya salamu," Bwana Salamu akaendelea, na hapa alikuwa anaibomoa kazi aliyosifiwa nayo. "Hata yule ambaye bado anasikia kidogo, nimempa njia ya kutosema. Nani atakujibu mbaya katikati ya salamu? Majibu yangu yote hayafai. Yote. Usiyapeleke kwenye kikao."

Daktari aliivuta simu, akamtafuta Mwalimu mwenyewe. Alimwuliza jina la mkewe. Mwalimu akamwambia ni nzuri, tunashukuru. Daktari akaiweka simu chini kwa uangalifu, kama kitu cha kuvunjika, na kikao cha Ijumaa kikafa palepale. Hakupoteza muda kulaumu mtu. Alieleza kwa kifupi kwamba mshipa wa sikio ukishakufa haufufuki, lakini kilichobaki kingeweza kuokolewa kama vidonge vitaachwa leo, si kesho. Wagonjwa watarudishwa kwenye dawa za zamani, zile ndefu, za kichefuchefu. Kila nyumba yenye mtu mwingine ikapigiwa, waliokaa peke yao wakafuatwa.

"Wa kwako nenda mwenyewe," Daktari akamwambia. "Beba dawa zake. Na mwambie..." Akachukua kikombe cha chai iliyopoa, akakirudisha.

Alifika mchana wa siku iliyofuata. Alipiga hodi, hakuitikiwa. Alipiga mlango kwa kiganja, kwa ngumi, na ndani cherehani ikaendelea kunguruma. Na ilikuwa inagonga, ka-ka-ka, chuma kikavu juu ya chuma. Mama huyu, enzi zake, cherehani ikikosa tone la mafuta alijua akiwa jikoni. Bwana Salamu akasukuma mlango, akazunguka mpaka mbele yake ili asimshtue.

"Ee! Mwanangu!" Aliruka, akamkumbatia, akamkagua uso kwa mikono miwili. Alikuwa amenenepa. Kifua kilipanda na kushuka bila mkwaruzo wowote. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa mno. "Kaa, kaa! Njia ilikuwaje? Mbona hujatumia ujumbe kuwa unakuja? Na mjomba wako hajambo? Tazama hapa."

Akainua kitambaa alichokuwa akishona. Ilikuwa shati ya kiume, kola tayari, mkono mmoja bado.

"Yake hiyo. Kipimo chake nakijua kichwani, tumbo lile halisahauliki. Nimechoka kununa. Na kusema kweli," akacheka mpaka macho yakafumba, "lile gauni lilikuwa gunia. Nilijua tangu nalikata. Utampelekea umwambie kwamba dada yake amekubali, ni gunia. Atafurahi, mshenzi yule."

Bwana Salamu alisema kitu, midomo ikatetemeka, mama akaikazia macho asiielewe. Basi Bwana Salamu akachukua chaki ya kukatia nguo. Mezani kulikuwa na pande la kitambaa cheusi. Akaandika: *Mama, husikii.*

Mama alikisoma kitambaa muda mrefu. "Nasikia kidogo," alisema, sasa taratibu. "Ukiwa mbele yangu naona midomo. Ilianza kama mbu, wiiii, usiku na mchana, halafu mbu akaondoka na kila kitu. Nilijua ni vile vidonge. Lakini ningesema mngenitoa, na kifua ndiyo kimepona, mwanangu. Nilikuwa nalala nimekaa, umesahau? Nikasema, masikio na yaende, pumzi ibaki. Na simu zenu, nikiiona imewaka taa, si zote husema kitu kimoja? Mnauliza habari, najibu nzuri. Nani angejua?"

Alifuta maandishi kwa kiganja, kitambaa kikabaki na wingu jeupe. Bwana Salamu akaandika tena juu yake. Aliandika polepole kwa sababu hakuyaona maneno vizuri. *Mjomba amefariki.*

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, akaishika ile shati kifuani, na kwa muda mrefu kilichosikika chumbani ni pumzi zake tu, safi, zisizokwaruza, zile alizokuwa amezinunua.

"Lini?"

Akaandika siku.

"Mmeshazika." Halikuwa swali. Halafu akainua macho. "Mliniambia? Mlinipigia?"

Bwana Salamu akaitikia kwa kichwa.

"Nilijibu nini?"

Hapo mkono ulisimama. Alimtazama mama huyu, aliyewahi kumfuta makamasi kwa upindo wa kanga yake, na neno moja tu la uongo lingetosha. *Ulilia.* Adabu yote aliyofundishwa duniani, na aliyemfundisha alikuwa huyo huyo, ilimsukuma aliandike. Lakini alikumbuka Mwalimu, na mama wa sokoni, na wimbo ule mtamu alioimba nao wiki baada ya wiki huku wanazama. Akaandika kama ilivyokuwa. *Ulisema nzuri tu, tunamshukuru Mungu.*

Mama alisoma mara moja. Midomo ikayarudia maneno bila sauti. Kisha alikikunja kile kitambaa cheusi, kidogo, kidogo zaidi, akakiweka chini ya cherehani kama anayetaka kisionekane tena.

Jua likahama dirishani. Mwishowe Bwana Salamu, asijue la kufanya, akafanya analolijua. Alipiga magoti mbele ya kiti, uso kwa uso ili aonekane midomo, akamwuliza, "Habari, mama?"

Mama alimtazama midomo, akaelewa. Mdomo wake ukaanza jibu lile la siku zote, ukalipata hata herufi ya kwanza. Akaliacha.

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana, mwanangu."

"Pole," akasema Bwana Salamu, "pole sana, mama," na mama alikuwa amefumba macho, hakuliona.